Kiroba cha Karanga Kati Yangu na Mama Mkwe

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, poleni na kazi za wiki. Nashukuru mwenyeji wetu wa leo kwa uwanja wake na kwa chai, na namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi ya kutoa ushuhuda, ingawa ameniambia nisichukue muda mrefu. Nitajitahidi. Mnajua mwanamume anayeeleza aibu yake huwa anazunguka kwanza.

Sitamtaja mtu kwa jina. Mnaoishi jirani na sisi hapa Ipagala mtajua nawasema akina nani. Basi mjue kimyakimya.

Mimi ni bodaboda, miaka mingi sasa. Kabla ya haya yaliyonikuta nilikuwa najisifu kwamba hakuna mzigo unaonishinda. Nimebeba godoro la sita kwa sita. Nimebeba mlango wa mbao pamoja na fundi wake. Nimebeba mbuzi aliyekaa katikati yangu na mwenye mbuzi, katulia kama abiria aliyelipa nauli. Kijiweni waliniita Kenta, na jina lile lilinipendeza. Ukiitwa jina la lori nawe una pikipiki, unaanza kuamini.

Mwaka juzi, karanga zikiwa zimeshavunwa, mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, mama mzima, lakini mama ana mshono, hawezi kuinama, hawezi kunyanyua ndoo. Kwetu mama mzazi ndiye huja kumlea binti yake, ampikie uji, amkande, amwogeshe mtoto. Mama yake anaishi Mlali, huko Kongwa. Akatuma ujumbe kwamba yuko tayari, ila ana mizigo ya mzazi, nani atamfikisha barabara kuu akapande basi? Nikasema swali gani hilo? Mkwe ana pikipiki, mama akakodi pikipiki ya mtu? Watu watanionaje?

Nikaenda Mlali.

Sasa hapa tuna ndugu zetu watumishi na wanafunzi waliotoka mikoa mingine, ngoja niwaeleze kitu kabla sijaendelea, maana bila hicho mtaniona mwendawazimu. Ukweni kwangu, mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Hatukai mkeka mmoja. Hatushikani mikono. Namsalimia kwa mbali nikiwa nimechuchumaa, naye ananiitikia akitazama pembeni. Akiwa na neno na mimi, anampa mtu mwingine aniletee, hata kama huyo mtu amekaa katikati yetu na neno nimeshalisikia kwa masikio yangu. Si chuki. Ni heshima, nimelelewa nayo, na mpaka leo naipenda.

Basi asubuhi mizigo ikatolewa nje. Kiroba cha karanga kilichojaa nusu. Debe la unga wa uwele. Ndoo ya mafuta ya alizeti. Na kuku mtetea mmoja, amefungwa miguu. Na mama mwenyewe, ambaye, msimwambie nimesema, ni mtu wa mwili.

Mjomba wake mke wangu, kaka yake huyo mama, alikuwepo kutuaga. Akaizunguka pikipiki, akauliza, "Mtakaaje?"

Alikuwa haulizii mizigo. Aliuliza mama atakaaje nyuma ya mkwe wake, goti linagusa wapi na mkono unashika wapi. Nami nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima toka Ipagala, na jibu lilikuwa tayari. Nikachukua kile kiroba cha karanga, nikakilaza kwenye siti, mgongoni kwangu kabisa. Nikasema, "Hiki kitakaa katikati, mjomba."

Mjomba akatikisa kichwa kuridhika. Mama akatazama pembeni, lakini niliona amefurahi. Na mimi nikajiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa wilaya ile.

Ndugu zangu, nawaambia, kiroba kile kingekaa vizuri tu kwenye keria. Nafasi ilikuwepo. Nilikiweka pale kiwe ukuta.

Fikirieni ilivyokuwa. Debe na ndoo nimevifunga nyuma kabisa, juu ya keria. Kiroba kimekaa pale abiria anapotakiwa kukaa. Mama amesukumwa nyuma, nusu yuko kwenye siti na nusu yuko kwenye chuma, tena amekaa upande kwa sababu ya vitenge. Vikanyagio vya miguu havifikii. Mikono imeshika kamba ya kiroba, si mimi. Kuku ananing'inia kwenye usukani. Kofia ngumu ilikuwa moja, nami ndiye niliyeivaa. Naona wazee mnatikisa vichwa. Hata mimi nikisimulia natikisa.

Tukatoka. Njia yote mama alikuwa haongei na mimi, anaongea na kuku. Tukifika penye mashimo anasema, "Kuku wee, mwambie baba aende taratibu." Nami namjibu kuku, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi." Tulielewana vizuri sana, sisi watatu.

Jambo moja nililihisi mapema nikalipuuza. Usukani ulikuwa mwepesi mno. Nikiukata, gurudumu la mbele linachelewa kunisikiliza. Uzito wote ulikuwa nyuma, mbele hakuna kitu kinacholikandamiza chini. Mtu yeyote wa kazi hii anaijua hali hiyo, na anajua dawa yake ni kusimama na kupanga upya. Lakini kupanga upya maana yake kiroba kitoke katikati. Basi nikajiambia nimebeba makubwa kuliko haya.

Mbele kuna korongo, kipindi kile halina maji, mchanga mtupu. Kushuka tulishuka salama. Katikati ya mchanga nilitembeza miguu chini, tukapita. Kupanda upande wa pili nikaongeza mafuta. Kiroba kikateleza nyuma, kikamsukuma mama, mama akavutwa nacho kwa sababu ndicho alichokishika. Gurudumu la mbele likanyanyuka kutoka ardhini. Halikunyanyuka sana, lakini lilitosha. Usukani ukabaki mkononi mwangu hauna kazi, na sote tukaangukia kulia.

Nilinyanyuka nikajikagua, nimechunika kiwiko. Pikipiki imemlalia mama mguuni. Nikainyanyua haraka, nikaitupa pembeni. Mguu wake, chini ya goti, ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Hapa ndipo penye ushuhuda wangu. Kuanguka si ushuhuda, kila mtu anaanguka. Sikilizeni nilichofanya baada ya kuanguka.

Nilirudi nyuma hatua tano, nikasimama.

Nikaanza kuita watu. "Jamani, kuna mama huku! Akina mama, njooni!" Nilikuwa natafuta mwanamke, mwanamke yeyote, aje amshike. Mashamba yalishavunwa, hakuna mtu. Upepo tu. Nikapanda ukingo wa korongo, nikaita, nikashuka, nikapanda tena. Mama alikuwa amelala mchangani juani, anauma kitenge asipige kelele. Akasema maji. Nilikuwa na chupa ya maji. Ndugu zangu, niliiweka chini, nikachukua kijiti, nikaisukuma kwa kijiti mpaka ikamfikia.

Naomba mnisamehe, nipige funda la chai kwanza.

Sikutazama saa. Kivuli cha ukingo kilikuwa kinamfikia mabegani tulipoanguka. Baadaye kilikuwa kimemwacha kabisa. Mguu ulikuwa unavimba naona. Na mimi nimesimama pale, mwanamume mzima mwenye mikono miwili, nasubiri mtu mwingine.

Mama akamgeukia kuku, ambaye alikuwa amelala pale pale na kamba yake. Akaanza, "Kuku, mwambie baba..." Akaniangalia. Toka nimemwoa binti yake, hiyo ndiyo mara ya kwanza mama yule kunitazama machoni. Akasema, "Baba, nishike. Nitakufa na heshima yako."

Nikaenda. Nikavunja vijiti viwili, nikaunyoosha mguu kadiri nilivyoweza, nikaufunga kwa kitenge chake. Nikapitisha mkono mmoja chini ya magoti na mwingine mgongoni, nikambeba kama anavyobebwa mtoto, nikampandisha ukingo mpaka kwenye mti wa kivuli kando ya njia. Alikuwa analia kwa maumivu, nami nalia kwa sababu ninazozijua mwenyewe. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Lilipopita gari la mizigo, dereva alisimama bila kuulizwa. Simjui jina mpaka leo. Alitufikisha hospitali, tukaanzia huko, baadaye wakatuleta mjini. Mama akafungwa hogo la plasta, mguu mzima.

Basi mama aliyekuja kulea akaja kulelewa. Tumbo la mke wangu lina mshono, mguu wa mama yake una hogo, mtoto analia, na nyumba yetu ina vyumba viwili. Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema mara moja tu, akiwa ananyonyesha, "Nilikuagiza mama, umeniletea mgonjwa." Kisha akanipa orodha ya kazi. Nilisonga ugali, nilifua nepi, nilichemsha maji alfajiri. Jirani mmoja, ambaye yuko hapa na sasa anatazama kikombe chake, ndiye aliyekuwa akiingia kumwogesha mama. Kila siku, bila kukosa, mpaka hogo lilipotoka.

Kilichokuwa kinanila ni ukweni. Niliwaza, wataniita. Wataniuliza imekuwaje umshike mkweo, umbebe, umfunge kitenge mguuni. Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Na kweli wakaja, mjomba na wazee wengine wawili, wakakaa sebuleni pangu. Nikachuchumaa mbele yao. Nikaanza kujitetea kabla sijaulizwa: nisameheni wazee wangu, nilimshika kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Mjomba akaniinulia mkono ninyamaze. Akasema, "Mama ametueleza. Hatujaja kuuliza kwa nini ulimshika. Tumekuja kuuliza kwa nini ulikawia."

Nilikuwa nimejiandaa na kesi nyingine kabisa.

Kisha akasema jambo ambalo wazee hawalisemi kirahisi. "Na mimi nilikiona kile kiroba. Nikasema moyoni, kumbe vijana wa leo bado wana adabu. Sikuangalia dada yangu amekaa wapi." Akafuta macho kwa kiganja. "Tulikosea wote. Ile haya tuliiweka kwenye siti badala ya kuiweka moyoni."

Nilimshukuru, lakini nilishavunjika. Pikipiki niliiegesha, nikaifunika turubai. Zabibu zilipoiva nilikwenda Makutupora kufanya kibarua cha kuvuna, nikawa nakata vichala na kubeba kreti kwa mguu. Walipojua mimi ni bodaboda wakaniomba nisaidie kupeleka kreti bandani kwa pikipiki ya shamba. Nilikataa, nikasema sijui kuendesha. Wenzangu wanawake wakacheka: "Bodaboda gani asiyejua kuendesha?" Mmoja akasema labda nilikuwa abiria. Nikacheka nao. Afadhali kuchekwa kuliko kubeba tena.

Hogo lilipotoka, mama akafanya mazoezi ya kutembea na fimbo mpaka akaiacha. Mjukuu anacheka, mke wangu amepona. Siku moja mama akasema anataka kurudi kwake. Mke wangu akasema tutamtafutia gari. Mama akasema, mbele yangu, hakupitishia kwa mtu, "Nitapanda basi. Lakini toka barabara kuu mpaka kwangu atanipeleka aliyeniangusha."

Nilitoka nje. Nikamfuata mzee mmoja wa kijiweni kwetu, bodaboda wa zamani, mtu asiyekuwa na maneno mengi. Nikamweleza yote, hata la kijiti. Hakunipa pole. Akasema, "Lete pikipiki yako. Na kiroba."

Akanipeleka uwanja wa mpira, penye mchanga. Akaendesha yeye. Kiroba akakiweka mgongoni kwake, mimi akanikalisha nyuma ya kiroba, upande, alipokaa mama. Akaenda mwendo wa kutembea tu. Ndugu zangu, niliogopa. Miguu inaning'inia. Kamba inateleza mkononi. Akiongeza mafuta kidogo kiroba kinanisukuma kama mtu anayetaka nishuke. Akifunga breki kinanivuta. Sikuwa abiria, nilikuwa mzigo juu ya mzigo. Nikamwambia simama. Hakusimama. Akazunguka uwanja mara moja zaidi, nadhani kwa makusudi, ndipo akasimama.

Kisha akanifundisha upya, mimi Kenta. Abiria kwanza, akasema, mzigo baadaye. Abiria akae karibu na dereva, atanue miguu huku na huku, nyayo juu ya vikanyagio, mikono kwenye kiuno chako, na umwambie mkikata kona alale pamoja nawe asijivute upande mwingine. Kitu chochote kisiingie kati yenu. Mzigo mzito ukae chini, ugawanye kushoto na kulia ulingane, usogee mbele kadiri inavyowezekana, usiupachike juu ya keria mpaka nyuma kule. Ufunge kwa mipira, uutikise kwa mikono miwili. Ukicheza ukiwa umesimama, njiani utakutangulia kufika. Ongeza upepo tairi la nyuma. Breki uanze kukamata mapema. Na ukiona usukani mwepesi, simama. Nikamuuliza, na mzigo ukiwa mwingi? Akaniangalia kama anaangalia mtoto wa darasa la kwanza. "Unakwenda mara mbili."

Mara mbili! Nilikaa pale uwanjani nikacheka peke yangu. Siku ile Mlali ningepeleka karanga na mafuta kwanza, nikarudi kumchukua mama. Basi lingemwacha, angepanda linalofuata. Mwenda pole hajikwai. Wimbo huo nimeuimba toka shule, sikuwahi kuuweka kwenye pikipiki.

Siku ya kumrudisha, nilitangulia kwa pikipiki, yeye akaja kwa basi na mke wangu na mtoto. Tukakutana njia panda. Mjomba alikuwa amekuja kutupokea. Mizigo yote niliipeleka kwanza Mlali, nikarudi na pikipiki tupu. Mama nilimnunulia kofia ngumu. Chini ya vitenge alivaa suruali ya binti yake, akavipandisha kidogo, akakaa kwenye siti ametanua miguu. Watu wa pale wakawa wanaangalia. Kuna waliogeuza nyuso. Mjomba akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Mshike mkweo vizuri, dada."

Nikahisi mikono yake inazunguka kiuno changu. Nikasubiri mpaka ishike sawasawa. Ndipo nikawasha.

Tulipofika korongo lile nilisimama juu. Nikazima. Nikamwambia, moja kwa moja, "Mama, hapa ukipenda tushuke, tulivuke kwa miguu." Akafikiri. Akasema, "Tushuke." Basi nikaisukuma pikipiki mchangani, naye akatembea kando yangu ameshika keria, akichechemea kidogo. Ng'ambo akapanda tena, akanishika tena. Tukaenda polepole mpaka nyumbani. Aliposhuka alisema, "Asante, baba," akaingia ndani kwake, na kuanzia pale tumerudi kwenye haya yetu. Nikienda namsalimia nimechuchumaa kwa mbali, naye anatazama pembeni. Sina shida nayo. Najua sasa inakomea wapi.

Namshukuru Mungu aliyeuacha uhai wake. Nawashukuru dereva nisiyemjua, wauguzi, jirani yangu wa kikombe, mzee wa uwanja wa mpira, na mjomba aliyekubali kosa mbele ya mtu aliyekuwa amechuchumaa. Mke wangu namshukuru nyumbani, hapa ataona aibu.

Na kwenu vijana wenzangu wa pikipiki, na nyie mliooa na mtakaooa, nina neno moja. Siku utakapompakia mkweo, mwambie akushike. Akiona haya, usitafute kiroba. Zima pikipiki, mtembee naye kwa miguu. Mtachelewa, na uji wa mzazi utachelewa, lakini mama atafika kwa binti yake akiwa na miguu yake miwili.